Faili Lililofutika Jumatatu Asubuhi

Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini hasira niliyoipata kwenye kiwanda kile cha samaki pale Nyakato haijapoa mpaka leo, na sehemu yake kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mtu pekee wa kompyuta pale. Printa ikikwama, naitwa. Mtu akisahau nywila yake, naitwa. Kazi moja tu niliipenda kwa moyo. Wanunuzi wa nje walitaka uthibitisho kwamba minofu ya sangara imekaa kwenye baridi inayotakiwa, na meneja akaniagiza nitengeneze kitu cha kufuatilia chumba cha baridi. Nikaandika programu fupi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kila dakika ilisoma kipima joto, ikaangalia kama mlango umefungwa na kama kompresa, mashine inayopoza chumba, inafanya kazi, kisha ikaandika mstari mmoja kwenye faili: tarehe, saa, joto, na maneno machache. Maneno yenyewe niliyaweka kwa Kiswahili makusudi. MLANGO UKO WAZI. JOTO LINAPANDA. KOMPRESA IMEZIMWA. Meneja aliguna, akasema Kiingereza kingependeza zaidi. Nikamjibu kwamba wanaoingia mle ndani ndio wanaopaswa kuyasoma.

Aliyekuwa anaingia mle ndani kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo, Msukuma wa Magu anayeishi Mkolani. Alipanga na kuhesabu maboksi ya minofu, akiwa amevaa masweta mawili chini ya koti la kiwanda. Siku nilipomwonyesha skrini, aliinama akasoma mistari polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kwa hiyo hii inaandika kila kitu?" aliniuliza.

"Kila kitu, mama."

"Hata fundi akizima mashine?"

"Hata fundi."

Akacheka. "Basi vizuri. Humu ndani balafu ikiyeyuka, wa kwanza kuulizwa ni mimi."

Mimi ni mtoto wa walimu kutoka Kagera. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtu akisema "nina hakika" anatakiwa awe na hakika kweli. Nilimwambia mama yule nina hakika.

Miezi michache baadaye, Jumatatu asubuhi, chumba cha baridi kilifunguliwa na harufu ikatoka kabla ya mtu kuingia. Minofu ilikuwa imelegea, maji mekundu yamejaa sakafuni. Kabla ya saa tatu tulikuwa tumeitwa ofisini kwa meneja: mama yule, fundi mkuu wa mitambo, na mimi.

Meneja alisema mama aliacha mlango wazi Jumamosi alipoondoka. Mama alisema hapana. Alisema Jumamosi mchana fundi alizima kompresa ili barafu iliyoganda kwenye mabomba iyeyuke, akamwambia yeye afunge mlango aende nyumbani, angeiwasha mwenyewe baada ya saa moja. Jumapili kiwanda kilifungwa.

"Mimi niliiwasha," fundi alisema. Hakumtazama mama wakati anasema.

"Hakuna haja ya kubishana," nikasema. Naikumbuka vizuri sauti yangu, jinsi ilivyojaa majivuno. "Tufungue faili."

Tukaenda wote kwenye kompyuta iliyokuwa kando ya chumba cha baridi. Nikafungua. Mstari wa kwanza ulisomeka: Jumatatu, 07:12, PROGRAMU IMEANZA. Juu yake hapakuwa na kitu. Jumamosi haikuwepo. Jumapili haikuwepo. Hata wiki iliyopita haikuwepo.

Fundi akasema kwamba alipofika asubuhi alikuta kompyuta imeganda, akaizima na kuiwasha. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Nilimwambia, ikigoma, zima, washa, usinisumbue.

Nilijua kosa liko wapi kabla hata sijafungua programu. Unapoiambia Python ifungue faili, unaiwekea herufi ya kuieleza inalifungulia nini. Ukiweka "a", inaandika mwishoni, chini ya yale yaliyomo. Ukiweka "w", inafuta kila kitu kwanza, halafu inaanza upya. Wakati wa majaribio niliweka "w" kwa sababu nilipenda kuanza na faili safi. Nikasahau kuibadilisha. Kila mara kompyuta ilipowashwa upya, kumbukumbu zote zilipotea, na mimi sikuwahi kurudi kutazama.

Mama alinigeukia. "Ulisema inaandika kila kitu."

"Iliandika, mama."

"Iko wapi?"

Nikamweleza meneja palepale, mbele ya wote, kwamba kosa ni langu, kwamba programu ilijifuta yenyewe na faili hilo halimsafishi mtu wala halimtii mtu hatiani. Akanipungia mkono. "Hayo ni mambo ya kitaalamu."

Alasiri nikaitwa kwenye printa, karatasi imekwama. Nikaivuta. Ilikuwa barua ya kumwachisha mama kazi kwa uzembe, na katikati yake kulikuwa na sentensi hii: kumbukumbu za kompyuta hazikuonyesha hitilafu yoyote ya mashine.

Nikaondoka nayo. Niliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Umeandika uongo," nikamwambia meneja.

"Faili si lako?" akauliza kwa utulivu. "Lilionyesha hitilafu?"

"Halikuonyesha chochote! Lilikuwa tupu!"

"Basi halikuonyesha." Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi yake. "Rudi kwenye kazi yako, dada."

Kama angenitukana ningeona afadhali. Alichukua ukimya wa programu yangu akaufanya shahidi, na sahihi akaweka. Na fundi je? Sidhani kama alijua kwamba kuwasha kompyuta kungefuta faili. Ila alipoliona tupu, nilimwona akishusha pumzi, na hakusema neno la kumtetea mama. Hilo linatosha kunichefua.

Nilibadilisha herufi ile jioni hiyohiyo. Nikafanya kila siku iwe na faili lake lenye tarehe, na nakala yake iende kwenye kompyuta yangu. Dakika kumi tu. Dakika kumi ambazo ningeweza kuzitumia miezi iliyopita, nikazitumia kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mkolani. Niliuliza kwa watu wa genge la mboga, wakanionyesha nyumba. Mama alikuwa anaanua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunikaribisha ndani.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba niko tayari kuandika na kusema popote kuhusu faili lile. Aliendelea kukunja shuka.

"Majirani wananiuliza niliiba nini," akasema. "Nimefanya kazi mle miaka saba. Wewe na kompyuta yako mmenimaliza kwa asubuhi moja."

"Ni kweli, mama."

Labda alitegemea nitajitetea. Aliingia ndani, akatoka na ile barua ya kuachishwa kazi. "Haya. Twende unakotaka kwenda."

Tulikwenda kwenye tume ya usuluhishi wa kazi. Niliandika maelezo kurasa mbili, nikachapisha ile programu ya zamani na kupigia mstari mahali penye kosa langu. Siku ya kusikilizwa meneja alikuja na faili lilelile tupu. Msuluhishi, mwanamke wa miwani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia meneja.

"Kama faili lilifutika asubuhi ya Jumatatu, mlijuaje kwamba Jumamosi mashine ilikuwa nzima?"

Meneja akasema fundi aliwaambia. Msuluhishi akauliza fundi yuko wapi. Hakuja. Baada ya kuvutana kwa muda mrefu, meneja alikubali kuifuta barua ya uzembe, akajitolea kumrudisha mama kazini.

"Nirudi nikafungiwe na balafu yenu?" mama alisema. "Niandikieni barua safi, niende zangu."

Wakaandika. Nje aliisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno, akaiingiza kwenye mkoba. Hakunishukuru, na sikustahili shukrani. Aliniambia tu kwamba dada yake ana mgahawa Pasiansi, ataanza kupika huko wiki ijayo. Akavuka barabara.

Jumatatu nilikuta barua ya onyo mezani kwangu, eti nimetoa siri za kiwanda. Fundi alinikuta naisoma, akanisalimia kama kawaida. Sikumwitikia. Niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo, kwa Kiswahili, na nikaipeleka kwa meneja mwenyewe.