Mgeni Aliyekaa Siku Sita

Mume wangu alikuwa mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa sukari. Enzi hizo za Mwingereza alikuwa karani wa mikoko huku Salale, kazi yake kuhesabu boriti zinazopakiwa mashuani. Mzungu wake alipohamishwa alimwachia rundo la magazeti ya hadithi, basi kila alasiri mimi napepeta uduvi, yeye ananitafsiria. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na sijashona hata kikofia. Sikuthubutu. Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku sita, nami niliogopa kumtazamia wa pili.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba. Kabla ya hapo huitwa mgeni tu. Wangu alizikwa akiwa mgeni, na hakuna aliyemtaja tena, hata baba yake.

Alasiri moja mume wangu akasoma kidogo, akasema, "Wageni hawa huishi miaka elfu. Binadamu kwao hakai hata wiki."

Nikamrushia ungo. "Huna haya! Mwanangu ndiye wa kumfanyia hadithi?"

Maskini, aliduwaa, uduvi umemjaa kichwani. Akajieleza mbio mbio: wageni wenyewe ni viumbe wa nyota ya mbali, wana macho matatu, wameshuka duniani kwa chombo cha chuma, wakatokea kuwapenda watu. Neno jingine la kuwaita hakulipata.

Nilicheka huku nalia. Hasira ilipotulia nikamwuliza, "Sasa wanatupendea nini, ikiwa tunakufa upesi hivyo?"

Akafunua kurasa. "Huyu mmoja alifanya urafiki na mtu. Mtu akazeeka, akafa. Mgeni akamtafuta rafiki mwingine."

"Wa kwanza akamsahau?"

"La. Wote anawakumbuka kwa majina."

"Wetu hana jina," nikasema.

Alifunga gazeti, akalishika kwa mikono miwili. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona mgumu, mtu wa kurudi kazini siku ya tatu ya msiba, na moyoni nilikuwa sijamsamehe.

"Analo, mke wangu," akasema. "Nilimchagulia siku ile ile aliyozaliwa. Nilikuwa nangoja ya saba."

Akalitaja. Nikalirudia taratibu, mara mbili. Lilikuwa jina zuri, na sikuwa na la kumlaumu tena. Asubuhi yake nikamwomba mama mkwe kitambaa, nikaanza kushona kikofia.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kibiti nikapimwe. Nesi, mama mmoja mcheshi, akaniuliza ni uzazi wa ngapi.

"Wa pili."

"Haya, na huyo mkubwa anaitwa nani?"

Mume wangu akageuka kunitazama. Nikamtajia nesi jina la mwanangu, kwa sauti, wanawake wote wa benchini wakalisikia.