Simu Tatu za Shangazi Rhobi

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi Rhobi alikuwa anafuta vioo vya simu. Analowesha pindo la kitenge kwa mate kidogo, anafuta simu nyeusi, halafu ya bluu, halafu tableti yenye ufa pembeni. Anazipanga mezani kwa urefu. Anaangalia mwanga uwe sawa, herufi ziwe za ukubwa mmoja, chaji isiwe chini ya nusu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka amalize. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na kikombe chake mpaka chai inapoa.

Ni dada wa baba. Nilikuja kukaa kwake nilipoacha shule, kidato cha kwanza, muhula wa pili. Aliwahi kuolewa Mugumu, akarudi, hakusema kwa nini na hakuna aliyethubutu kuuliza. Akafungua steshenari yake hapa Nyangoto. Anaprinti, anatoa kopi, anajazia watu fomu za mtandaoni. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka Kewanja ni picha za skrini. Watu walikuwa wanasema, "Nenda kwa Rhobi akupigie skrinshoti," kama mtu anavyosema nenda kwa fundi.

Huku kwetu kila kitu ni orodha. Walioitwa kazini wako kwenye orodha, waliofaulu wako kwenye orodha, mashamba yaliyopimwa yako kwenye orodha. Ukiona jina lako leo unataka na kesho uweze kusema uliliona. Mwaka juzi kijana mmoja alileta picha yenye jina lake kati ya walioitwa kazini, kumbe jina kalibandika mwenyewe kwa simu. Watu nusura wakatane. Ritongo, lile baraza letu la wazee, lilikaa siku mbili, na mwisho mzee Mokami, ambaye ndiye msemaji wake, akatoa neno: picha ya simu moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hajawahi kumaliza shauri kwa Wakurya. Ziletwe simu tatu tofauti. Zikisema kitu kimoja, ritongo litaamini.

Mwenye simu tatu alikuwa shangazi.

Ujana wake alishika kamba ya wapimaji wa ardhi, kwa hiyo alipiga picha kama anayepima shamba. Orodha ndefu haiingii kwenye picha moja. Alikuwa anahakikisha mstari wa mwisho wa picha ya kwanza unarudi kuwa mstari wa kwanza wa picha ya pili, ili asitokee mtu wa kusema kuna jina lilirukwa katikati. "Kigingi unachomalizia ndicho unachoanzia," alikuwa ananiambia. Saa lazima ionekane juu. Tarehe anaandika kwa kalamu, anagonga muhuri.

Kitu alichokichukia ni ujumbe kuingia wakati anapiga. Unashuka kutoka juu, unafunika nusu ya mstari, picha imeharibika. Mara moja ilitokea kwenye shauri la watu wa Kewanja, ujumbe wa mchezo wa bahati nasibu ukakaa juu ya jina la mtu, na watu walicheka wiki nzima. Tangu siku hiyo alikuwa anazima mtandao kwanza. Anabonyeza ile alama ya ndege, simu inanyamaza, ndipo anapiga. Na kwa kuwa ukurasa haufunguki bila mtandao, alijifunza kuuhifadhi ndani ya simu nyeusi. Halafu akaona simu ya bluu na tableti zinapanga ile ile orodha kwa namna nyingine, safu moja huku imepanda, kule imeshuka, na wazee wanauliza maswali. Basi akawa anazirushia nakala ile ile ya simu nyeusi. Zote tatu zikawa zinatoa kitu kimoja, huwezi kutofautisha. Ritongo lilifurahi sana.

Mimi niliyaona hayo yote. Sikuona kosa.

Mwezi wa saba ikatoka orodha ya mashamba ya upande wa mgodini. Winfrida akaja Jumatatu asubuhi. Ni mjane, mumewe alifariki mwaka jana, ana watoto wawili. Shemeji yake Kisyeri alikuwa anasema lile shamba ni la baba yao wala si la marehemu. Ofisi ya mradi wa kupima mashamba hayo ilitangaza kwamba pingamizi linapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni, na baada ya hapo jina lililopo ndilo lenye shamba.

Shangazi akamtafutia. Mstari wa 212. Winfrida.

"Usome tena, dada," Winfrida akasema.

"Nimesoma."

"Soma kwa sauti."

Akasoma kwa sauti. Winfrida akakaa kwenye benchi akavua kandambili, kama mtu aliyefika. Halafu akaomba apigiwe picha kila siku mpaka Ijumaa. Shangazi akasema vizuri. Kwenye fomu ya ofisi kulikuwa na mahali pa namba ya simu, na Winfrida hana simu. Shangazi akaandika namba ya dukani, ile laini iliyokaa kwenye simu nyeusi.

Kila asubuhi wiki ile alifuta vioo, akapanga simu, akapiga. Jumanne, Winfrida. Jumatano, Winfrida. Alhamisi hapakuwa na mtandao Nyangoto nzima, hata mawakala wa kutuma hela walikaa bure, lakini shangazi alipiga picha zake na Winfrida yumo. Nilifurahi. Ijumaa pia yumo. Kila siku yule mama alitembea kutoka Kewanja, akachukua karatasi zake tatu, akazikunja, akaziweka kifuani.

Jumamosi ndipo ritongo likaitwa, kwenye uwanja wa josho. Ijumaa jioni Kisyeri alikuwa amekwenda kumwambia Winfrida shamba limeandikwa jina lake yeye. Winfrida alimcheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Mokami kushtaki kwamba shemeji yake ana picha ya kughushi.

Watu walikuwa wengi. Ng'ombe walikuwa wameogeshwa mapema na harufu ya dawa ilikuwa bado pale. Shangazi alipewa kiti karibu na wazee, na hakuna mwanamke mwingine aliyepewa. Mezani wakaweka simu tatu, na pembeni karatasi kumi na tano za Winfrida. Kisyeri alisimama na simu yake moja.

"Shikamoo wazee," akasema. "Mimi sikujificha. Jumanne nilikwenda ofisini na karatasi za baba, nikaweka pingamizi. Jumatano jina likabadilishwa. Hili hapa."

Mzee mmoja akauliza, "Simu ngapi hiyo?"

"Moja, tata," akajibu, kwa heshima kama anayemwita baba.

Watu wakacheka. Mtu akasema kwa nyuma, akimwita kijana, "Mura, kakope mbili kwa Rhobi." Wakacheka tena. Kisyeri aliishika simu yake kwa mikono miwili. Alijua kilichompata yule kijana wa mwaka juzi. Alitengwa, hata mamake alipokufa kaburi lilichimbwa na watu wanne tu.

Mwalimu Venant alikuwa amesimama kwa watu wa pembeni. Ni mtu wa Bukoba, anafundisha sekondari, huwa anaprinti mitihani kwa shangazi. Alinyoosha mkono.

"Mzee, naomba kuziona zile karatasi."

Akapewa. Akaziangalia moja moja, hakuwa anasoma majina, alikuwa anaangalia juu pale penye saa. Alipofika ya kumi akaacha.

"Dada Rhobi," akasema, "hii alama ya ndege, iko kwenye picha zote?"

"Zote. Nazima ili ujumbe usiingie. Picha inakuwa safi."

"Na orodha unaifunguaje?"

"Nimeihifadhi. Naifungua kila asubuhi."

"Uliihifadhi lini?"

Nilimwona shangazi anahesabu kwa kidole gumba kwenye vidole vingine, taratibu. "Jumatatu," akasema.

"Kwenye simu zote tatu?"

"Kwenye nyeusi. Nyingine nilizirushia."

Mwalimu alirudisha karatasi mezani. Alisema kwa upole sana, karibu sikumsikia. "Naomba uondoe ile ndege. Ufungue ukurasa wenyewe wa ofisi, si ule uliohifadhi."

Shangazi akazivuta simu karibu yake. Akaanza na tableti, akaiwashia mtandao, akaandika anuani herufi kwa herufi. Kile kiduara kikazunguka. Orodha ikaja. Akashuka mpaka 212.

Kisyeri.

Akachukua simu ya bluu. Kisyeri.

Hakuna aliyecheka. Kisyeri mwenyewe alikuwa ameinama kuangalia kama haamini, kama vile naye alianza kudhani alighushi.

Simu nyeusi aliiacha mwisho. Alipoondoa ile ndege, iliyokaa hapo tangu Jumatatu bila kuondolewa, kabla hajagusa chochote kingine, ikaanza kulia. Ujumbe wa siku tano uliingia mfululizo, mmoja juu ya mwingine, na simu ikawa inatembea mezani kwa mtikisiko. Mwalimu akaishika isianguke. Akasoma, akamwangalia mzee Mokami.

"Soma, mwalimu," mzee Mokami akasema.

"Wa Jumanne, saa nane mchana. Ndugu Winfrida, pingamizi limepokelewa juu ya shamba namba 212. Unatakiwa kufika ofisini na vielelezo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni." Akashusha kidole. "Wa Jumatano. Unakumbushwa. Wa Alhamisi. Unakumbushwa. Ijumaa asubuhi. Usipofika, uamuzi utakuwa wa mwisho."

Winfrida alikuwa amesimama. Alitoa sauti ndogo, si kilio, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Vielelezo ninavyo," akasema. "Viko nyumbani kwenye sanduku. Jumanne nilikuwa hapa kwako, dada. Jumatano nilikuwa hapa. Kila siku nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa," shangazi akasema.

"Kwa hiyo hizi kumi na tano ni za lini?"

"Za Jumatatu."

"Zote?"

"Zote ni Jumatatu ile moja."

Mzee Mokami alikuwa ameshika kichwa. Kwenye ritongo mashahidi hutenganishwa, mmoja anapelekwa nyuma ya josho, mwingine kule barabarani, ili wa pili asisikie wa kwanza anasema nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziita simu mashahidi.

"Basi hawa watatu," akasema, "walilala nyumba moja wakapanga maneno."

Kuna mtu alisema matokeo ya mitihani na orodha za kazi alizopiga miaka yote hii nazo vipi. Mwalimu akasema zile hazikuwa zinabadilika, orodha ikishatoka imetoka, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Hii ilikuwa inabadilika kila siku. Alikuwa anamtetea, lakini shangazi alimwangalia kama anamsema mtu mwingine.

Wazee waliongea kidogo. Ritongo haliwezi kufungua kilichofungwa na ofisi. Kisyeri alisema mahindi Winfrida avune, yeye si mnyama, ila baada ya mavuno ahame. Winfrida alikaa chini kwenye udongo ule wenye dawa.

Shangazi alisimama. Alitoa ufunguo wa duka shingoni, ule wenye kamba nyekundu, akauweka mezani kati ya simu. Alimwendea Winfrida, akachuchumaa mbele yake. Winfrida aligeuza uso. Basi shangazi akainuka akafunga kitenge vizuri. Akapita katikati ya watu. Walimpisha. Mtu akaniambia anakwenda chooni, mwache. Nilimwona akipita choo cha ofisi ya kijiji, akashika barabara inayoelekea Tarime, hatua zake za kawaida, hana mkoba, hana simu.

Tulimsubiri mpaka uwanja ukabaki mtupu. Baba alikwenda Tarime, akaenda Sirari, akaenda mpaka Mugumu kwa wale wakwe wa zamani. Hawajamwona.