Kuvitia Soli Viatu vya Gari

Miaka ile ya vita spea za magari zilikuwa adimu Mombasa, lakini jambo hilo halikunihusu. Mimi nilikuwa nikishona makubadhi kwenye baraza ya nyumba yetu, Ndia Kuu, na gari nilikuwa nimelipanda mara tatu au nne tu maishani. Aliyeniingiza katika mambo ya breki ni shemeji yangu, mume wa dada yangu.

Alikuwa na gari dogo la watu wanne. Alilikata nyuma ya viti vya mbele, akalifungia sanduku la mbao, akawa anachukua nazi kutoka Likoni hadi Mwembe Tayari. Kazi ilikwenda vizuri, ila gari lilikuwa zito kuliko lilivyoundwa, na breki zikalika upesi. Asubuhi moja, kwenye mteremko wa kivuko, halikusimama mpaka lilipogonga gogo la kizuizi.

Akaniletea vyuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Kila gurudumu lina viwili ndani, akanieleza; ukikanyaga breki vinatanuka na kulisugua gurudumu mpaka lisimame. Juu yake hubandikwa kitambaa kigumu kinachosugua, nacho ndicho kilichokwisha.

"Madereva huviita viatu," akasema. "Na wewe ndiwe fundi wa viatu. Vitie soli."

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Nikakata ngozi nene ya ng'ombe, nikaifunga kwa misumari ya shaba, vichwa nikivididimiza ndani visije vikakwaruza chuma. Siku ya kwanza gari lilisimama vizuri ajabu. Siku ya tatu, likiwa na shehena, lilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Tulipofungua gurudumu, ngozi yangu ilikuwa imekauka, inang'aa kama kioo, haishiki tena. Nilipitisha kidole juu yake mara nyingi. Sikuwahi kuona ngozi imefanywa hivyo.

Tukajaribu mkanda mkuukuu wa mashine, wa pamba iliyofumwa, kutoka kinu kimoja cha mafuta kule Majengo. Huo ulivumilia joto, lakini mvua iliponyesha na maji yakaingia, ukateleza.

Mwisho shemeji alipata kwa fundi wa bandarini kipande cha kitambaa kizito, kijivu, chenye nyuzi za shaba nyeupe ndani yake. Nilikiweka pembe moja juu ya kaa la moto, nikangoja. Hakikushika moto. Nilipokikata, vumbi lake lilinikaa kooni siku mbili, na wakati ule hapakuwa na mtu wa kutuambia kuwa ni vumbi baya.

Kilitosha magurudumu mawili tu. Mimi nilisema kiende nyuma, kwa kuwa mzigo uko nyuma. Shemeji alitaka mbele, lakini hakuweza kunieleza kwa nini. Tulikuwa bado tunabishana pale barazani, hamali akapita akivuta mkokoteni wa madebe ya maji. Paka akamkatia njia, naye akasimama ghafla. Maji yote yaliruka mbele, yakamlowesha mgongo.

"Kiende mbele," nikasema. "Gari likisimama, mzigo wataka kuendelea na safari."

Nyuma tukafunga ule mkanda wa pamba. Kisha nikavuka naye hadi Likoni, tukapakia nazi, nikakaa kando yake. Tulipoanza kuteremka kivukoni mguu wangu ulikuwa ukikanyaga sakafu bila mimi kujua. Akakanyaga breki. Nazi zilijitupa kwenye ubao nyuma ya vichwa vyetu, na gari likasimama mbali kabisa na gogo.

Akaniuliza kama nimeridhika. Nilimwomba arudi juu, ateremke tena, na safari hii aniache nitembee kando nitazame magurudumu.