Mori wa Siku ya Tuzo

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, hunipita hapa Ruring'u wasichana wa kidato cha nne wamevikwa mashada ya karatasi za kumetameta, wazazi wao nyuma wamebeba keki na zawadi zilizofungwa vizuri. Watu husimama wakawapungia mikono. Mimi hutazama upande mwingine. Mume wangu husema nina roho mbaya, na pengine ni kweli, lakini yeye hakuwa kwenye lile hema.

Nilisoma shule ya kutwa kwenye milima ya Othaya, shule ya mchanganyiko, ya mabati, ambayo mvua ikinyesha mwalimu anaweka chaki chini na kungoja. Kaka yangu alikuwa amenitangulia. Yeye alipelekwa bweni, shule ya wavulana yenye ukuta na basi, na baada ya mgomo akarudishwa nyumbani na godoro lake. Baba akamwingiza darasani mwangu arudie. Basi tukawa chumba kimoja, mimi dawati la mbele, yeye nyuma karibu na dirisha. Hakuwa mjinga. Nadhani alikuwa amechoka kuambiwa tangu utotoni kwamba boma lote linamtegemea.

Mwaka huohuo ng'ombe wetu alizaa. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wetu aliwaumbua wahenga akazaa jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kwetu mtamba huitwa mori, na mori si mnyama tu. Mtu mwenye mori anaweza kusema ana kitu chake duniani.

Mama yake aliugua kiwele, kwa hiyo ndama alinyweshwa kwa ndoo, na mshika ndoo nilikuwa mimi. Ndama hajui kunywa kwenye ndoo. Unatumbukiza vidole kwenye maziwa, anavinyonya, kisha unavitoa polepole mpaka ajikute anakunywa mwenyewe. Muhula mzima vidole vyangu vilikuwa na michubuko. Alipoanza kula majani nilimkatia nyasi ndefu za nepia kwenye mteremko ulio chini ya shamba la chai, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Kaka yangu alikuwa na mazoezi ya mpira.

Mwanzoni mwa mwaka wetu wa mwisho, watahiniwa walipelekwa kanisani kuombewa. Baba akaomba maiki. Baba yangu hajawahi kuona maiki akaiacha ipite.

"Hawa watoto wangu wawili wako darasa moja," akasema. "Yule ataitwa mbele siku ya tuzo, ile mori ni yake. Nimesema mbele ya kanisa."

Watu wakapiga makofi, mchungaji akasema amina. Leo najua alikuwa anamchochea mwanawe wa kiume asome, na mimi nilikuwa nimetajwa tu ili hesabu itimie. Lakini wakati ule nilisikia neno moja, "yule," na nikajua ni mimi. Ahadi ni deni, tena iliyotolewa madhabahuni. Nilimpangia yule mori maisha yake yote. Angezaa, ningeuza maziwa, ningejisomesha chuo bila kumpigia mtu magoti. Nilisoma kwa taa ya sola mpaka inafifia, na nikiwa zizini nilimkariria mori majina ya mifupa. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wanafunzi wenzangu wengi.

Siku ya tuzo ikafika, wiki chache kabla ya mtihani. Shuleni kwetu iliunganishwa na maombi, kwa hiyo kwanza, chini ya hema lililokodishwa, mchungaji aliziombea kalamu zetu, kisha meza ya zawadi ikafunuliwa. Mama alikuwa amenunua mashada mawili sokoni Othaya. Niliyaona kwenye kikapu chake asubuhi: moja nene, jekundu, la kushuka mpaka kiunoni, na jingine jembamba la kijani. Nilijiambia kwamba lile nene ni la atakayeitwa.

Niliitwa kwa Hisabati. Mama akainuka akanivika lile jembamba. Jekundu likabaki mapajani mwake, amelishika kwa mikono miwili.

Hapa lazima niseme habari ya ngemi. Ngemi ni vigelegele vyetu. Zamani mtoto akizaliwa, wanawake walipiga tano kwa mvulana na tatu kwa msichana, hata mtu aliye ng'ambo ya bonde alijua kilichozaliwa bila kuuliza. Siku hizi watu wamestaarabika, hupiga tano kwa kila mmoja, na naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa mshereheshaji, aliwaomba hivyo waziwazi: "Wamama, leo ni tano kwa kila mtoto. Hakuna kubagua." Wakaitikia. Lakini mstari wa mbele walikaa wanawake wa umri wa shangazi yangu, dada ya baba, na wakati aliyesimama alikuwa msichana sauti zao zilichoka kwenye ya tatu. Walicheka, wakaketi. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Hisabati nilipata beseni la plastiki na ngemi tatu. Baiolojia, kamusi na ngemi tatu. Kisha ikaja tuzo ya mwanafunzi bora wa shule nzima, blanketi na chupa ya chai, na kwa tuzo hiyo mzazi huitwa apande jukwaani na mtoto wake. Baba na mama wakaja wakicheza, baba amevaa koti la harusi yake. Mgeni wa heshima akampa mkono baba kabla ya kunipa mimi. Naibu, maskini, akampa maiki.

"Bwana asifiwe," baba akasema. "Mimi niko na furaha. Hii msichana yangu Mungu amempatia kichwa, na hiyo kichwa hakuna mtu anaweza kumnyang'anya. Lakini ataenda nayo kwa watu wengine. Huyu kijana ndiye anabaki na boma. Na si mnajua niliahidi mori? Sasa hiyo mori nimepea kijana, ndio asijisikie ati ameshindwa. Kuja hapa mbele, kijana."

Nilidhani watu watanung'unika. Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliosikia jambo la busara, na wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mchungaji aliyesema amina alikuwa anakunywa soda. Kaka yangu akaja akitazama viatu vyake, na mama akamvika lile shada jekundu. Kisha ngemi zikapigwa. Aliyeanzisha ni mama. Naijua sauti yake, ndiyo iliyokuwa ikiniita kutoka bondeni na mzigo wa nepia. Zilikuwa tano, nzima, na hakuna aliyechoka.

Kaka yangu alininong'oneza pale pale jukwaani, "Mimi sikuomba hii."

"Lakini umechukua," nikamwambia.

Picha ikapigwa. Bado inaning'inia sebuleni kwa wazazi wangu. Mgeni akiingia hudhani yule mwenye shada nene ndiye aliyeshinda.

Tulirudi nyumbani, watu wakala. Jioni mori akaanza kulia zizini. Mama akachungulia chumbani nilikokuwa nimejilaza na sare yangu.

"Si uikatie nyasi kwanza? Ndugu yako ako na wageni."

Nilienda nikamkatia.

Kaka yangu alimuuza mori akiwa na mimba, akanunua pikipiki, na pikipiki nayo ikaishia mtaroni. Baba akasema mali ni yake, aifanye apendavyo. Blanketi langu la tuzo baba anajifunika mpaka leo, anasema lina joto. Mimi nilikwenda chuo kwa mkopo na kwa kufua nguo za watu, na nimewasimulia wengi kwamba nilishasahau. Nilidanganya.

Miaka ikapita, nikapata mchumba, mtu wa Kiriaini. Wazee wakakutana kuzungumza mahari. Siku hizi karibu kila kitu hugeuzwa kuwa pesa, mbuzi ni pesa, asali ni pesa, lakini baba alikataa jambo moja. Alitaka mori, na alitaka wa kwato, si wa bahasha. Wakwe zangu ni watu wa heshima. Waliahidi, wakamleta kwa pikapu.

Nilikuwa mlangoni nimevaa gauni la sherehe alipokuwa anashushwa. Aliteleza kwenye mbao, akajikaza, akasimama katikati ya boma akitetemeka. Wanawake wakapiga ngemi. Sikutaka kuhesabu, lakini masikio yangu hayaniulizi. Walipiga tano. Mori ni jike kama mimi, na bado hakuna aliyeketi kwenye ya tatu.

Baba akanijia akiwa amejaa furaha, macho yamelowa. "Umeona, maitu?" akasema. Ndivyo mzazi wa kwetu anavyombembeleza binti yake, kwa kumwita "mama yangu." "Hiyo shule yako haikuenda bure. Leo umeniletea mori."

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, au hata utani. Sikuona kitu. Alikuwa amesahau. Kanisa, hema, maiki, vyote vilikuwa vimemtoka, na mimi ndiye niliyekuwa nimevibeba peke yangu miaka yote ile. Nilimchukia wakati ule, na sitaki mtu aniambie kwamba ni dhambi.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, mori akaanza kulia. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpa chakula. Kaka yangu alikuwa amekaa na wazee, kwenye kiti cha mrithi. Mama akatoka jikoni, akaangaza huku na huku, kisha, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono na kunipa panga.

"Ikatie kidogo, mami. Wewe ndio unajua hiyo kazi."

Nilikunja gauni nikashuka kwenye mteremko ule ule. Nilikata nepia nikilia kwa hasira mpaka kiganja kikachubuka. Niliporudi, mori alinyoosha shingo juu ya boriti za zizi akanusa vidole vyangu, kisha akala. Alikuwa na njaa, na ni mimi tu niliyemletea kitu.