Kizibo Ndani ya Kiatu

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa na hoteli pale Kebirigo, kando ya barabara: nyumba ya mabati, meza chache na benchi zake, jikoni nyuma. Mke wangu ndiye aliyekanda unga wa mandazi. Mimi nilikaa mbele, nikipokea wateja. Waliokuja sokoni na ndizi au maua ya pareto walipita kwetu kwanza kupasha mwili moto, kwa maana asubuhi za kwetu zina baridi na ukungu.

Chai yetu ilipikwa kwa maziwa mengi, na sukari ilimwagwa humohumo ndani ya sufuria. Aliyetaka kuongeza, bakuli la sukari lilikuwa mezani. Kila alipoingia mtu ninayemjua, nilijimiminia kikombe nikanywa naye, kwani ni vibaya kumwacha mtu anywe peke yake, na mimi nilijua watu wengi. Mchana nilikunywa soda. Jioni nilipita kwa jirani aliyepika pombe ya busaa, kisha nikarudi nyumbani kula. Nikanenepa. Fundi akaniongezea kitambaa pembeni mwa suruali, na watu wakasema nimependeza. Wakati huo mtu mnene alionekana ni mtu ambaye mambo yake yamemnyookea.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza.

"Baba watoto," aliniambia siku moja, "pale nyuma ya jikoni unapokojoa pamejaa sisimizi. Mbona hawaendi kwingine?"

Nilicheka. Lakini nilikuwa na kiu isiyokatika, na usingizi wangu ulikuwa wa kuamkaamka kwenda nje, kwa hiyo nikaenda zahanati. Wakaniambia nina ugonjwa wa sukari. Wakanipa vidonge, wakanikataza sukari na pombe, wakaniambia nipunguze unga. Nilifuata hayo mpaka kiu ilipokwisha. Ilipokwisha, nikaona ugonjwa nao umekwisha. Tangu hapo vidonge nilivimeza siku nilizojisikia vibaya, na siku nyingine niliendelea kama zamani. Miaka ikaenda hivyo.

Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu. Mwanzoni ilikuwa kama nimevaa soksi hata nikiwa sijavaa. Kisha ikapanda mpaka kwenye vifundo. Sikumwambia mtu. Mtu hulalamika kwa kitu kinachouma, na hiki hakikuuma. Nami kwa jumla nilikuwa nimepoa. Tulipomzika mama yangu nilisimama kando ya kaburi nikiwaza kama unga uliobaki hotelini utatosha. Dada zangu walilia hadi wakaishiwa sauti. Mimi niliwashika mikono tu.

Siku ya kizibo ilikuwa siku ya soko. Hoteli ilijaa tangu asubuhi, na mchana nilivua viatu chini ya meza ili nipumzishe miguu, kisha nikavivaa tena haraka wateja walipoongezeka. Nilisimama na kutembea mpaka soko likavunjika. Tulipofika nyumbani, jua likiwa bado halijazama, mke wangu aliinama kunivua kiatu kwa sababu tumbo langu halikuniruhusu tena kuinama vizuri. Soksi ilikuwa imelowa damu. Akaivuta polepole. Kizibo cha soda kilikuwa kimezama kwenye nyama chini ya kidole gumba, meno yake yote ndani.

"Hiki umetembea nacho tangu lini?"

"Sijui."

"Hujui? Hakikuumi?"

"Hapana."

Alikitoa kwa kucha zake. Aliniosha kwa maji ya chumvi, na alipokuwa akimimina aliangalia uso wangu wala si mguu. Alikuwa anangoja nishtuke. Nilitazama ukutani. Basi akaketi pale chini, mguu wangu mapajani mwake.

Nilirudi kazini. Kidonda hakikufunga. Nilikifunika kwa kitambaa na kiatu kikubwa, mpaka wateja wakaanza kuhamia meza za mbali nami bila kusema kwa nini. Asubuhi moja mke wangu aliacha unga kwenye karai, akafunga mlango wa hoteli kwa kufuli, akanipeleka Kisii mjini, hospitalini.

Daktari alikuwa kijana kutoka pwani, Kiswahili chake laini kuliko chetu sisi tulichofundishwa shuleni. Aligusa mguu wangu kwa ncha ya kalamu, akiniuliza kama nasikia. Nikasema sisikii. Akapanda juu kidogo. Sisikii. Alikuwa amefika karibu na goti niliposema nasikia.

"Mzee wangu," akasema, "kidole gumba hiki na mwenzake vimekufa. Tusipovitoa, mguu wote utavifuata."

"Vitoe."

"Huna haja ya kuzungumza na mama watoto kwanza?"

"Vitoe tu."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoa mlio mmoja kama mtu aliyechomwa na mwiba. Nilipozinduka baada ya kukatwa nilimuuliza muuguzi vidole vimepelekwa wapi. Akasema vimechomwa. Nikamshukuru.

Kwenye kitanda cha pili kutoka changu kulikuwa na mzee wa kanisa kutoka Nyanchwa, naye akiwa na ugonjwa uleule, mguu wake umekuwa mweusi hadi kwenye kifundo. Alikuwa mtu mpole na mwenye maneno. Aliniuliza, "Wewe ulikubali kukatwa?"

"Nilikubali."

"Hukusikia uchungu kuachana na vidole vyako?"

"Sikusikia kitu, mzee."

Alitikisa kichwa. "Mimi siwezi. Siku ya ufufuo nataka kuinuka na miguu yangu yote miwili."

Daktari alimbembeleza. Wanawe walimbembeleza pia, kisha wakakata tamaa, wakambeba kwenye blanketi wakaenda naye. Akipita kitandani kwangu alininyooshea mkono, akaniambia, "Kaa salama, kijana wangu." Baadaye mke wangu alikutana na binti yake mjini, akarudi kunieleza kwamba mzee ameshazikwa. Nilikuwa nakunywa uji. Niliumaliza, nikarudisha kikombe mezani. Nakumbuka mke wangu alivyonitazama wakati ule, na nakumbuka nilijua ni jambo gani alilotaka kuliona usoni mwangu, lakini sikuwa nalo.

Kabla hatujaruhusiwa kwenda, daktari alituita wote wawili.

"Vidonge vimeshindwa," akasema. "Au wewe umevishinda. Sasa ni sindano, kila siku, maisha yote."

Alitufundisha kuchemsha bomba la kioo na sindano yake, kuvuta dawa bila kuingiza hewa, kudunga pajani. Chupa ya dawa tuitunze mahali pa baridi, nasi tukaiweka ndani ya chungu cha maji kwenye kona ya chumba. Chakula kiwe kwa saa zake, maana ukijidunga usipokula, sukari itashuka na utazimia. Uji wa wimbi bila sukari. Ugali kidogo, mboga nyingi, hasa majani ya chinsaga kadiri ninavyotaka, maharagwe. Nisitembee peku hata hatua moja. Alipomaliza, mke wangu alirudia yote kuanzia mwanzo bila kuruka neno. Mimi niliulizwa kama nimeelewa, nikasema ndiyo.

Nyumbani mke wangu alitoa uamuzi tukiwa mezani.

"Hoteli nitaikalia mimi. Wewe utakaa shambani. Pale kwenye sufuria sitaki kukuona tena."

Hoteli ile nilikuwa nimeijenga kwa mikono yangu. Nikasema sawa. Jirani wa busaa alituma salamu mara kadhaa, halafu akaacha. Nilivaa buti za mpira nikapalilia migomba, nikachuma majani chai pamoja na wanawake, nikala nilichowekewa wakati nilipowekewa. Sikupigana na hamu, kama watu wanavyodhani. Hamu haikuwepo. Uji usio na sukari na ule wenye sukari ilikuwa mamoja kwangu. Mke wangu yeye ndiye aliyeteseka: aliacha kutia sukari kwenye chai yake mwenyewe ili nisiwe peke yangu, na kila alipokunywa alikunja uso.

Kila asubuhi tulipima mkojo. Unatia dawa ya buluu kwenye kichupa kirefu cha kioo, unadondoshea mkojo, unachemsha juu ya moto mdogo. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani au manjano, ipo. Ikiwa nyekundu kama tofali, umejaa. Yangu ilikuwa tofali kwa muda mrefu, kisha manjano, kisha kijani, ikienda na kurudi, na daktari akibadilisha dawa kila tuliporudi kwake. Nilipungua mpaka suruali zikabidi zishonwe upya, safari hii kwa kupunguzwa. Watu waliosema nimependeza sasa walisema nimerogwa.

Asubuhi moja nilisikia mke wangu akiniita kutoka jikoni.

"Buluu! Njoo uone, ni buluu tupu!"

Nilikwenda, nikatazama. "Nimeona."

"Huwezi hata kucheka?"

"Nitacheka," nikasema, na nikaenda kufungulia ng'ombe.

Ilikaa buluu siku nyingi tangu hapo. Kidonda kilifunga, kikawa ngozi. Daktari alifurahi sana, ingawa hakunificha kwamba ganzi haitaondoka.

Mwaka uliofuata kijana wetu mkubwa alipata mchumba, tukaenda Kenyenya kuzungumza na wazazi wa msichana. Nilikuwa nimejidunga na kunywa uji wangu alfajiri. Safari ilikuwa ndefu, na kutoka barabarani tulipanda mlima kwa miguu. Tulipoketi ikaletwa chai, imeshatiwa sukari. Nilishukuru, nikarudisha kikombe. Kwetu, kukataa kitu kwa watu unaotaka kuoana nao si jambo dogo. Baba ya msichana alinitazama.

"Mkwe, chai yetu ina nini?"

"Haina kitu. Ni mimi nina sukari."

"Hata chai ina sukari," akasema. Hakuna aliyecheka. Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akakohoa na kuanza habari ya ng'ombe wa mahari.

Mazungumzo yakawa marefu. Chakula kilikuwa kiletwe baada ya kukubaliana, na hawakukubaliana. Nikaanza kutokwa na jasho. Mikono ikatetemeka, nikaikalia. Nilisikia baba mdogo akiniuliza juu ya fahali fulani, nikajibu, lakini maneno yakatoka yamevunjika, na wenyeji wakatazamana kama wanaomtazama mlevi. Hapo mambo yakawa mbali nami, na kitu kikanishika kifuani. Nilijua nakufa, mbele ya wageni, nikiwa nimekalia mikono yangu.

Mtu alimwita mke wangu kutoka jikoni walikokuwa wanawake. Aliniona mara moja.

"Leteni ile chai!"

"Ile aliyoikataa?" mama ya msichana akauliza.

"Ileile! Na sukari zaidi!"

Alinishika kidevu akaninywesha kama mtoto. Punde macho yangu yakafunguka, na nikawaona wote wamesimama, baba ya msichana mbele, kofia mkononi. Mke wangu aliwaeleza, safari hii wakaelewa. Mama ya msichana akaleta ugali na mboga bila kungoja habari ya ng'ombe imalizike. Tulikubaliana jioni ileile, kwa haraka, na nadhani walituonea huruma kwenye hesabu.

Tukiteremka mlima, kijana na baba mdogo wakiwa mbele, mke wangu aliniuliza, "Uliogopa?"

Nilifikiri kwanza. "Ndiyo. Niliogopa sana."

"Uliogopa kufa?"

"Ndiyo."

Alinishika mkono mahali penye utelezi, hakuuachilia tulipofika penye njia nzuri. Barabarani tulisubiri gari muda mrefu. Alikuwa amebeba ndizi mbichi alizopewa na wakwe, na aliniambia atanichemshia mbili kesho, pamoja na maharagwe, kama mkojo utaruhusu.