Selpher na Magunia ya Mchanga

Selpher Ayuma huuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba, Nairobi, na Jumamosi huwa refa wa mpira. Anachechemea mguu wa kushoto. Ukimuuliza kisa, tafuta pa kukaa kwanza, maana huu ni mwaka wa sita na hasira yake haijapoa.

Uwanja wa klabu yao pale Shauri Moyo una magoli mawili ya chuma yasiyochimbiwa chini. Viongozi wanaogopa wezi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo kila jioni huyabeba hadi uani mwa kanisa, na kesho yake huyarudisha na kuyasimamisha hivyo hivyo, juu ya vumbi. Haya, wezi hawakuyapata. Ila goli moja lilimpata Selpher, enzi hizo akiwa kipa: mshambuliaji aliligonga, likaanguka, na chuma cha juu kikamsaga kifundo cha mguu. Hakudaka tena. Walimletea sukari na unga, wakamwombea, wakamwambia ajali haina kinga.

Haina kinga! Na gunia la mchanga ni nini? Weka mawili juu ya chuma cha nyuma cha kila goli, halianguki hata ng'ombe akilisukuma. Selpher aliwaambia mwaka baada ya mwaka. Waliitikia ndiyo madam, ndiyo madam, kisha wakaenda kununua jezi. Jezi zinapigwa picha. Mchanga nani ataupiga picha?

Basi ikafika fainali ya kombe la Mzee Nahashon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hema lipo, spika zipo, kombe linang'aa. Kipa mmoja alikuwa Tiffany, binti wa miaka kumi na minne. Selpher akalijaribu goli lake kwa mkono mmoja, likayumba. Akatia kipenga mfukoni na kusema mechi haichezwi mpaka magoli yawekewe mchanga.

Nahashon akaja na suti yake. Alisema wageni wanangoja, marefa ni wengi, na kwamba akiendelea na ubishi huo hatachezesha tena kombe lolote analolidhamini yeye. Hilo lilimchoma Selpher, maana kipenga ndicho kitu pekee cha mpira alichobaki nacho. Mwishowe mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya bandia.

"Madam, ajali haina kinga."

Aah, hapo ndipo alipoharibu.

"Sawa, mzee. Tiffany atoke, uingie wewe," Selpher akasema. "Simama chini ya hicho chuma, nami nilitikise goli kidogo tu."

Nahashon alikitazama chuma, akautazama mguu wa Selpher, akarudi nyuma hatua mbili. Tiffany akavua glavu, akatoka golini bila kuambiwa na mtu.

Mzee akapiga simu. Haikupita robo saa, mkokoteni ukafika na magunia manne. Selpher akalikagua kila moja, ndipo akapuliza kipenga. Baadaye, kwenye kipaza sauti, Nahashon alijisifu kwamba usalama wa watoto umekuwa moyoni mwake siku zote, na watu wasio na haya wakampigia makofi.

Siku zote! Mchanga ule ulitoka dukani kwake, ng'ambo ya barabara tu. Mchanga kama huo ulikuwa umerundikwa hapo hapo hata siku Selpher alipovunjwa mguu.