Mawimbi ya Mkono wa Kushoto

Wanaopima nyota hulala mchana, na watu huwahurumia. Shangazi hupima jua, kwa hiyo hufanya kazi saa zilezile za watu wote, Jumapili zikiwemo, na hakuna anayemhurumia. Jina hilo alipewa na vijana wa kituo cha dishi la kunasia mawimbi ya anga. Mkurugenzi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, hulitumia pia, hasa akiwa na la kuomba.

Anachopima ni nguvu ya sumaku katika korona, tabaka la nje kabisa la jua. Tangu ule ugonjwa, hawezi kulitaja neno hilo saluni bila mtu wa kiti cha pili kujisogeza. Huko juu hakufiki dira wala fundi. Ila juu ya madoa meusi ya jua, sumaku huzizungusha chembe za umeme, nazo hutoa mawimbi ya redio. Sumaku ikizidi ukali, mzunguko huzidi kasi. Basi Shangazi hupandisha masafa ya kipokezi kidogo kidogo, na pale doa linaponyamaza ndipo anapoijua nguvu yake.

Safari hii lilitokea doa lisilotaka kunyamaza. Walipandisha hadi mwisho wa mtambo, bado linanguruma. Shida ni kwamba masafa ya mawimbi yale yangeweza kuwa mara tatu ya kasi ya mzunguko, na hapo sumaku ingekuwa kali ya kawaida. Au mara mbili tu, na hapo ingekuwa kali kuliko zote zilizowahi kupimwa kituoni. Kulikuwa na njia ya kujua. Mawimbi hayo huja yamesokotwa, mengine kulia, mengine kushoto. Ya kulia yangesikika kwa vyovyote vile. Ya kushoto yangesikika iwapo tu sumaku ni ile kali zaidi. Na amplifaya ya kushoto, kile kifaa cha kukuza mawimbi hafifu, ilikuwa imeungua. Mpya ilikuwa njiani, mahali ambapo vifaa vya kituo huishi maisha marefu.

Mkurugenzi hakungoja, tangazo alishaliandika, na namba kubwa ndani yake. Mume wa Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, naye alishawaeleza wateja wote namba hiyo, hata waliokuja kupunguza suruali.

Shangazi akataka amplifaya ya kulia ifunguliwe, ihamishiwe kushoto kwa asubuhi moja.

"Shangazi, tumebaki na moja nzima, nawe unataka kuifungua," mkurugenzi alisema. "Isipowaka je? Doa lenyewe linakaribia kupotelea nyuma ya jua."

"Basi litapotea tukiwa tumeuliza."

Nyumbani alimwomba mumewe apunguze kusimulia kwanza.

"Mke wangu, mimi nimeshasema," alijibu bila kuinua macho. "Wewe kapime tu, itoke hiyohiyo."

Na kusema kweli hata yeye alitaka itoke hiyohiyo. Asubuhi alipanda ngazi ya dishi mwenyewe, akahamisha kifaa, akashuka na kukaa mbele ya skrini. Mstari wa mawimbi ulilala, hakuna kilichosikika. Akashuku waya, akauangalia. Akaelekeza dishi kwenye doa jingine ambalo mawimbi yake ya kushoto aliyajua, yakasikika vizuri. Akarudi kwenye doa lile: kimya. Kabla ya adhuhuri alirudisha amplifaya kulia, akakuta linanguruma kama jana. Hapakuwa na pa kukimbilia: ilikuwa mara tatu, sumaku kali ya kawaida.

Mkurugenzi alisikiliza huku akiangalia dari. "Kwa hiyo hatuna kitu."

"Tuna namba. Jana tulikuwa na hamu."

Tangazo likapunguzwa hadi aya moja katika taarifa ya mwezi, chini ya habari za tangi la maji. Jioni mumewe alitaka kujua kama sasa sumaku yenyewe ni ndogo. Shangazi akamwambia bado inaishinda mara maelfu ile inayovuta dira. Mumewe akaona hiyo inatosha sana, na kesho yake wateja walipewa namba mpya kwa fahari ileile. Hakuna aliyeuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Aliyeikumbuka ni Shangazi peke yake. Siku zilizobaki alibaki kituoni hadi jua lilipozama, akilifuata doa likisogea ukingoni, mpaka likazunguka upande wasioweza kulisikia.